Moja na Nusu Mara Mbili

Telesfori alikuwa hajui kusema "sijui". Ukimpelekea gari linalokohoa pale gereji yake mtaa wa Makanyagio, aliliinamia, akasikiliza kidogo huku amefumba jicho moja, halafu akautaja ugonjwa kama daktari mwenye haraka. Mara tisa kati ya kumi alipatia. Ile mara ya kumi alikuwa mkali kiasi kwamba mwenye gari aliona haya kurudi kulalamika. Wateja walilichukulia jambo hilo kuwa sifa, na mimi siwalaumu, maana hata ndugu zake waliona hivyo hivyo.

Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake wakiwa wamevuka kutoka Burundi na vifurushi kichwani. Nusu ya umri wake alikuwa akiitwa mkimbizi, hata na watu aliowatengenezea baiskeli. Karatasi ya uraia alikuja kuipata ukubwani, akashukuru, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Lakini kilichomfanya asimame wima mjini Mpanda hakikuwa karatasi. Kilikuwa neno "fundi". Mtu akimwita fundi, hakuna aliyeuliza tena baba yake alitokea wapi, na ndiyo maana aliogopa siku yoyote ambayo angeonekana hajui.

Ufundi aliupata kwenye karakana ya misheni kwa mzee mmoja wa Kifipa aliyeitwa Melkior. Mzee huyo hakuwa mtu wa vitabu. Alifundisha kwa maneno machache, na ukisahau alikugonga kisigino na spana. Kuhusu mkonga, yaani lile bomba linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa ili gari livute hewa hata likiwa majini, alikuwa na kanuni moja tu: mdomo wa mkonga usipungue mdomo wa eyaklina. Eyaklina ni lile kopo la kuchujia hewa chini ya boneti. Mdomo wake ukiwa inchi tatu, mkonga nao uwe inchi tatu. Ukizidi si neno. Ukipungua, injini inakosa pumzi.

Kanuni hiyo Telesfori aliishika kama Baba Yetu. Na nataka ieleweke tangu sasa kwamba balaa lililokuja halikuja kwa sababu aliivunja. Alikuwa anaifuata, tena kwa moyo wote.

Gari lenyewe lilikuwa la Ladislas, shemeji yake. Walikua pamoja Katumba, wakachunga pamoja, wakachapwa pamoja, kisha Ladislas akamwoa Séverine, dada pekee wa Telesfori, wakahamia Mwese kulima maharage milimani. Baadaye Ladislas alinunua Land Cruiser ya zamani, pikapu ya dizeli, akaifunga mabenchi mawili ya mbao nyuma. Gari hilo lilishusha mjini magunia, wanafunzi, mbuzi, wajawazito waliolazwa kwenye godoro, na mara kadhaa lilipandisha majeneza. Watu wa Mwese hawakuliita gari la Ladislas. Waliliita gari letu, na likichelewa walimgombeza dereva kana kwamba wamemwajiri.

Mwaka uliotangulia lilikunywa maji. Kulikuwa na mto mdogo chini ya mteremko wa mwisho kabla ya kupanda Mwese, ambao wakati wa kiangazi watoto huuvuka bila kukunja suruali. Masika yakifika, mto huo unageuka kitu kingine. Injini ilivuta maji badala ya hewa, vyuma vikapinda ndani, na Telesfori alikaa miezi miwili akiifufua. Kwa hiyo ilipofika Novemba, mawingu yakianza kukusanyika juu ya milima, Ladislas aliliingiza gari gereji akashuka na sura ya mtu aliyekwisha kata shauri.

"Shemeji, mwaka huu silali tena mtoni. Nifungie mkonga."

Telesfori alifungua boneti, akaweka rula kwenye mdomo wa eyaklina. Inchi tatu kamili. Wakaanza kutafuta bomba. Madukani walikuta mabomba ya plastiki ya maji machafu, ya kijivu, ukubwa uleule, lakini Telesfori aliyakataa kwa sababu joto la injini lingeyalegeza. Bomba la chuma la inchi tatu halikuwepo mji mzima. Fundi mmoja Sumbawanga alisema analo, ila mtu wa kulileta angepatikana wiki ijayo, au ile nyingine. Mkonga wa kiwandani ungeagizwa Dar es Salaam, nao hakuna aliyejua ungefika lini. Na wakati huo, kule Mwese, matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza.

Nyuma ya gereji, kwenye majani, kulikuwa na mabomba ya chuma ya inchi moja na nusu, mabaki ya mradi wa maji uliokufa zamani. Telesfori aliyasimamia, mikono kiunoni. Jicho moja akalifumba.

"Ladislas, moja na nusu na moja na nusu ni ngapi?"

"Tatu."

"Basi mkonga umeshapata."

Wakacheka, wakagongana mikono. Watu wazima wawili, kila mmoja amepita hamsini, wamefurahishwa na hesabu ya kujumlisha. Na hesabu hiyo mdomoni ilikuwa sahihi kabisa. Ukimpa mtoto wa darasa la pili atakujibu vilevile na utamsifu. Hakuna aliyepita pale siku hiyo akasema ngojeni kwanza, na watu waliopita walikuwa wengi.

Kazi yenyewe, tusimnyime haki yake, ilikuwa safi. Alijaza mabomba mchanga ili yasibonyee, akayapasha moto wa mkaa, akayapinda taratibu yafuate nguzo ya kioo. Chini aliyaunganisha kwenye shingo moja ya inchi tatu, juu akayaacha yasimame mawili sambamba. Kila kiungo alikiziba kwa silikoni. Tundu la chini ya eyaklina, ambalo mafundi wengi hulisahau na maji yakapenya hapo, yeye hakulisahau. Kisha akawasha injini, ikanguruma polepole, akapanda kwenye tairi na kuziba midomo yote miwili kwa viganja. Injini ikazima papo hapo.

"Umeona? Haina pa kuvutia kwingine," alisema, na Ladislas akapiga kofi hewani.

Jaribio lile linakuonyesha kama kuna tundu. Halikuonyeshi kama hewa inatosha gari likiwa na mzigo, limekabana na mlima. Lakini vijana wa bodaboda walikuwa wameshakusanyika kupiga picha mabomba yale mawili, na Telesfori alikuwa na grisi hadi shavuni na furaha hadi masikioni. Akamshika shemeji yake bega, akamwambia maneno ambayo mimi ningetoa mengi ili yasisemwe.

"Sikiliza vizuri. Midomo hii ikiwa juu ya maji, injini hii haifi. Ikikuzimikia mtoni, usikimbie. Kaa kwenye usukani, washa. Anayekimbia gari ndiye anayebebwa na maji."

Aliyasema kwa upendo. Ladislas aliyaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa dawa na namna ya kuinywa.

Krismasi ilipokaribia Ladislas alirudi. Gari limekuwa zito mlimani, alisema. Zamani lilipanda na gia ya tatu, sasa linataka ya pili, na moshi mweusi unawafanya abiria wa nyuma wakohoe. Telesfori alisikiliza, akafumba jicho.

"Pampu," alitamka, akachukua bisibisi na kuifungulia injini dizeli zaidi.

Ilikuwa sawa na kumwongezea ugali mtu aliyekabwa. Lakini injini ilinguruma kwa sauti nene pale pale uwanjani, Ladislas akaridhika, wakaenda kula.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya Februari, saa nane mchana, na jua lilikuwa linawaka. Yaliyotokea tunayajua kwa sababu ya Nestori, mkulima wa Mwese aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Walikuwa watu tisa na magunia ya mbolea. Asubuhi hiyo Séverine alikuwa amempigia mume wake simu kwamba juu kwao mvua imenyesha usiku kucha, alale mjini. Ladislas alijibu kwamba mwaka huu ana mkonga.

Walipofika mtoni maji yalikuwa ya kahawia, lakini si ya kutisha. Ladislas alishuka, akakata fimbo, akapima mwenyewe hadi katikati, akarudi na suruali imelowa mapajani. Hakuwa mzembe. Aliweka gia nzito, akaingia polepole kama inavyotakiwa. Katikati ya mto ardhi huanza kupanda kwenda ukingo wa pili, na hapo ndipo gari linapohitaji nguvu zake zote. Akakanyaga mafuta. Moshi ukatoka mweusi kama wa tanuri la matofali, sauti ya injini ikawa nyembamba, nyembamba, halafu ikakatika.

Maji yalikuwa kiunoni. Nestori alishuka wa kwanza, wakashikana mikono na kamba ya kufungia magunia, wakavuka wote nane salama, mpaka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Wakageuka. Ladislas alikuwa bado kwenye usukani.

"Dereva, toka!" Nestori alipiga kelele. "Maji yanaongezeka!"

"Nyie ngojeni huko! Gari hili halifi, nimeambiwa!"

Akawasha. Ikakohoa, ikawaka kidogo, ikafa. Akawasha tena. Mara ya tatu betri ilikuwa inanung'unika tu. Na ile mvua iliyonyesha juu usiku kucha ikafika wakati huo, yote kwa pamoja, na magogo yake. Maji yalipanda hadi kwenye kioo cha mlango kabla mtu hajasema neno. Ladislas akatokea dirishani, nusu ya mwili nje, akashika mabomba yale mawili ya mkonga kwa mikono yote miwili. Alishikilia kwa muda ambao Nestori hakuweza kuukadiria. Kisha gogo likapita, na mikono haikuwepo tena.

Walimpata kesho yake, kona mbili chini, kwenye matete.

Habari ikisafiri hupukutisha maneno njiani. Ilipofika Mwese juu, na baadaye Mpanda, lile neno "nimeambiwa" lilikuwa limeshaanguka. Kilichobaki ni kwamba abiria walimwita akakataa kutoka. Kwamba alipenda gari kuliko roho yake. Watu walitikisa vichwa, wakaongeza chumvi, wengine wakasema alikuwa anahesabia magunia. Hakuna aliyesema kwa ubaya, lakini maneno yasiyo na ubaya nayo yanauma.

Séverine hakulia. Wanawake walimzunguka, wakaanzisha kilio ili aingie ndani yake, naye akakaa katikati macho makavu, mkono shavuni. Jeneza liliposhushwa hakutupa udongo. Telesfori alimfuata jikoni baadaye, akamkuta anachochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

"Musaza wanje," dada yake alimwambia, kwa Kirundi cha nyumbani, kaka yangu. "Nina watoto watano. Alisimama pale mtoni, huku kuna bati, huku kuna sisi. Akachagua bati. Unataka nimlilie?"

Telesfori alifungua mdomo. Alikuwa ametoka kukaa na Nestori nje, na Nestori alikuwa amemsimulia yote, pamoja na lile neno. Lakini akajiambia kwamba kuna mambo mengi huua gari mtoni, pengine maji yalipenya mahali, pengine dizeli ilikuwa chafu. Akafunga mdomo. Akaenda kukaa na wanaume.

Mto ulipotulia, trekta ililivuta gari, na ukoo ukaamua lipelekwe kwa Telesfori atazame kama linafaa. Lilifika juu ya lori, limejaa matope hadi kwenye viti. Alilizunguka siku tatu bila kuligusa. Siku ya nne, asubuhi, alifungua eyaklina.

Alikuwa anaomba akute maji. Nasema alikuwa anaomba, midomo inacheza. Angekuta maji angejua ni silikoni, au ni bahati mbaya, au ni Mungu. Akakuta karatasi ya chujio imekauka kabisa. Hata tone halikuwamo. Ila ilikuwa imenyonywa kwenda ndani, mikunjo yote imelala upande mmoja, na mpira unaopeleka hewa kwenye injini ulikuwa umebonyea bapa, kuta zake zimegandana. Injini haikunywa maji hata kidogo. Ilikuwa inavuta pumzi kwa nguvu zake zote na pumzi haiji, mpaka ikaunyonya mpira wake yenyewe ukaziba.

Alikaa chini ya gari. Lakini inchi tatu ni inchi tatu, aliendelea kusema, kwa sauti, kama mtu anayebishana. Moja na nusu, na moja na nusu.

Mke wake, Theopista, alikuwa anapepeta mchele uani. Theopista ni wa kabila la Wapimbwe, mzaliwa wa kijiji cha Mamba, binti wa wakulima wa mpunga, na sokoni Mpanda ana meza yake ya mchele wa kwao. Alimsikia akirudia namba zile, akaja na ungo mkononi.

"Unahesabu nini, Baba Odeta?"

Alimwonyesha. Vipande viwili vya bomba vilivyobaki, na shingo ya eyaklina aliyokuwa ameing'oa, vyote vya urefu wa shibiri moja hivi. Akamweleza kwamba hivi viwili vikijumlishwa ni sawa na hii moja. Theopista alivitazama kama anavyotazama kopo la muuzaji mjanja.

"Haviwezi kuwa sawa," alisema.

"Nimepima kwa rula."

"Rula inapima mdomo. Mimi napima kinachoingia." Akachuchumaa, akasimamisha shingo ile pana juu ya ungo, akajaza mchele mpaka juu na kuufuta kwa kiganja, kwa mkono wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Kisha akaumimina ule mchele kwenye bomba jembamba. La kwanza likajaa. Akalimwaga pembeni, akajaza la pili. Kwenye ungo mchele ulikuwa bado umebaki, nusu nzima. Akayamwaga yote mawili pembeni, akajaza tena, la tatu. La nne. Hapo ndipo ulipokwisha.

"Manne," alisema Theopista. "Kopo likiwa jembamba nusu, linaingia mara nne. Mtoto yeyote wa sokoni anajua hilo, ndiyo maana wauzaji wajanja hupimia kwa makopo membamba." Alikuwa anatabasamu kidogo, kwa sababu mara chache alimshinda mume wake kwenye mambo ya vyuma. Halafu akaona uso wake, akageuka akaliona gari, na tabasamu likamwisha.

Kuku walikuja wakaanza kudonoa mchele na hakuna aliyewafukuza.

"Nyamaza," Theopista alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Amekwisha kufa. Ukisema, ukoo wa Ladislas utakuwa mlangoni hapa. Na mjini watasema nini? Watasema Mrundi yule ameua mtu. Hawatasema fundi, watasema Mrundi. Nyamaza, mume wangu."

Alinyamaza. Alilisukumia gari uzioni, akalifunika turubai, akaendelea kufungua na kufunga boliti za watu. Wiki nzima, na nyingine, na nyingine. Alikonda. Kila gari la mkonga likipita barabarani alijikuta anatazama unene wa bomba, na usiku usingizi ulikuwa haumpati. Nadhani angeweza kunyamaza hivyo mpaka kaburini, maana mtu huzoea hata jiwe ndani ya kiatu. Kilichomvunja ni simu ya Dieudonne, mtoto mkubwa wa Séverine.

"Mjomba, Jumamosi ni arobaini ya baba. Mama amekataa misa. Amemwambia katekista hawezi kumwombea mtu aliyechagua gari. Na msalaba wenye jina amekataa usisimikwe. Wadogo zangu amewakataza kumtaja. Njoo uongee naye, wewe anakusikiliza."

Asubuhi ya kesho yake Telesfori alipanda bodaboda hadi Mwese. Hakumuaga Theopista, alimwachia ujumbe kwa jirani. Mto waliuvuka maji yakiwa chini ya kifundo cha mguu, mwenye pikipiki akiimba, na Telesfori alifumba macho yote mawili mpaka walipofika ng'ambo.

Séverine alikuwa uani anapura maharage. Alikuwa anayapiga kwa fimbo kana kwamba yamemkosea, maganda yakirukia hadi mlangoni. Alimwona kaka yake, akaendelea kupiga.

"Kama umetumwa kwa ajili ya misa, umechoka bure."

"Sikutumwa. Weka fimbo chini, mushiki wanje."

Alimwita dada yangu kwa lugha ya mama yao, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu mama alipofariki. Séverine akaweka fimbo chini.

Akamweleza. Alianza vibaya, alianza na kanuni ya mzee Melkior, na eyaklina, na mchele wa Theopista, mpaka Séverine akamkatiza kwamba haelewi mambo ya magari. Basi akaacha magari.

"Injini ilikosa hewa kwa sababu mabomba niliyofunga mimi yalikuwa membamba. Ilitakiwa manne, nikaweka mawili. Na siku nafunga nilimwambia ikizima mtoni asikimbie. Nilimwambia akae kwenye usukani, awashe."

Séverine alimtazama. "Ulimwambia."

"Nilimwambia."

"Sema kama ulivyosema siku hiyo. Neno kwa neno."

Akasema. Midomo ikiwa juu ya maji injini haifi, usikimbie, kaa, washa, anayekimbia gari ndiye anayebebwa na maji. Sauti ilimkatika njiani, akarudia pale ilipokatika.

"Na yeye alijibu nini?"

"Hakujibu. Aliitikia kwa kichwa."

Séverine akakaa juu ya maganda ya maharage. Siku arobaini kasoro mbili hasira ndiyo iliyokuwa imembeba. Ndiyo iliyomwamsha, ikampeleka shamba, ikampikia watoto. Alikuwa na mume aliyemwacha kwa hiari yake, na mtu wa namna hiyo anaweza kuchukiwa, na chuki ina nguvu ya kufanyia kazi. Sasa aliitafuta hasira hiyo ndani yake huku na huku na haikuwepo. Aliyebaki ni Ladislas, mtu wa kusikiliza anachoambiwa, aliyekaa kwenye usukani kwa sababu shemeji yake alisema hapo ndipo penye usalama, anajaribu kulirudisha gari nyumbani.

"Kwa hiyo alikuwa anakuja," alisema. "Alikuwa anakuja kwetu."

Telesfori alitaka kumshika. Alinyoosha mkono.

"Usiniguse."

Kisha kilio kikatoka. Hakikuanza chini kikapanda, kilitoka kizima, kwa sauti ambayo Telesfori hakujua kwamba dada yake anayo. "Ladislas weee! Ladislas weee! Atanisamehe nani mimi, nimekutukana wiki tano nzima, Ladislas weee!" Alijipiga kifua, akalala kifudifudi kwenye maharage, akaukumbatia udongo aliokataa kuutupa.

Milimani sauti husafiri. Watu walianza kutoka mashambani, kwanza wawili, kisha wengi, wanawake wakijifunga khanga huku wanakimbia, wanaume na majembe yao. Walijua kilio cha msiba wakikisikia. Joséline, jirani wa karibu, alifika wa kwanza akihema, akamwona Séverine chini na Telesfori amesimama mbali hatua tatu.

"Ni nani? Nani amefariki?"

"Ladislas," Telesfori alijibu.

Joséline alimtazama, akawatazama waliofika nyuma yake. "Ladislas si tulishamzika?"

"Waambie," Séverine alisema kutoka chini, bila kuinua uso. "Usiondoke. Waambie wote."

Telesfori akasubiri mpaka wa mwisho akafika. Nestori alikuwa miongoni mwao, na katekista, na kaka wawili wa Ladislas wenye majembe begani. Akavua kofia, akawaomba wakae chini, akaanza tena tangu mwanzo, taratibu, ili safari hii lisidondoke neno hata moja.